Simu ya Kuonwa na Simu ya Kupigia

Papa Fabien analinda magari Morningside, hapa Durban, nje ya mgahawa mmoja wenye viti vya bluu, na kwenye mfuko wa kifua wa kile kizibao chake cha kung'aa anaweka iPhone. Haiweki kama watu wengine wanavyoweka simu. Anaigeuza mgongo nje, kamera zichungulie juu ya mfuko pamoja na ile epo iliyong'atwa, ili anayeshusha kioo cha gari akutane nayo kwanza kabla hajamwona yeye.

Simu ile haipigi wala haipigiwi. Nalisema mapema, maana yeye hatawaambia.

Najua kwa sababu tunakaa fleti moja, karibu na barabara ya Umbilo. Mimi na mwanangu Goodluck tuna chumba cha ndani. Baba yake yuko kwenye malori, analala nyumbani siku mbili kwa wiki. Papa Fabien na mkewe Valérie wana sebule, iliyokatwa kati kwa kabati na pazia. Jiko ni la wote, na ukiwa jikoni kwetu hakuna jambo la mtu litakalokupita.

Kwao Uvira, Kongo, Papa Fabien alikuwa karani bandarini Kalundu. Magunia yakishuka, yeye anahesabu na kuandika. Alipofika Durban hakuna aliyemuuliza habari za bandari, wakampa kizibao na kumwonyesha pa kusimama. Lakini alikuja na tabia yake. Alinunua daftari la shule lenye jalada jekundu, akawa anaandika namba ya kila gari, saa ya kuingia na saa ya kutoka, na pembeni maneno madogo madogo: taa ya nyuma imepasuka, mbwa yuko ndani, madame amesahau dirisha. Hakuna aliyemtuma. Walinzi wenzake walimcheka. Mimi nilipoliona lile daftari mezani, mistari imenyooka na herufi zote sawasawa, nilimheshimu. Niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wa mtu mwenye akili naujua.

Siku moja mzee wa Kihindi mwenye Corolla nyeupe alirudi pale parking akifoka kwamba amegongwa bampa. Papa Fabien hakubishana. Alifungua daftari akamwonyesha: bampa iliingia tayari imebonyea, saa sita na dakika kumi. Mzee akalichukua daftari, akasoma ukurasa mzima amesimama juani. Kisha akasema shemeji yake ni meneja wa ghala la matairi Clairwood, na mtu anayeandika hivi anatafutwa sana kule. Kazi ya mkataba, yenye payslip na likizo. Akaomba namba ya simu, tena ya kawaida, maana ofisini hawapigi WhatsApp.

Basi nyumba nzima ikawa inasubiri Clairwood. Valérie alikuwa na mimba ya miezi sita, na kazi yake ni kusuka nywele saluni, amesimama kutwa. Jioni akirudi miguu imevimba mpaka alama za kandambili zinabaki kwenye ngozi. Alifunga kila Jumatano kuiombea hiyo kazi. Aliniambia mume wake akiipata, yeye ataketi. Hakuomba kingine, kuketi tu.

Kabla kazi haijafika, ikatangulia iPhone.

Aliyemuuzia ni Peguy, wa kibanda cha simu mjini, kijana wa kwao mwenye ulimi laini. Alimweleza wazi kwamba simu imetoka Amerika na imefungwa kwa mtandao wa hukohuko, hivyo laini ya hapa haishiki. Mengine yote inafanya, mradi upate wifi. Papa Fabien alisikia hayo ya mwisho tu. Akiba ya kitanda cha mtoto ikaenda, na laini yake ikabaki kwenye kitochi chake cha zamani, kile cha vitufe, kilichofungwa mpira wa kufungia nywele ili betri isidondoke. Kitochi akakificha ndani ya soksi.

Nisiseme uongo, watu walimpokea. Kanisani, mtu aliyekuwa akikaa nyuma karibu na mlango akaletwa mstari wa mbele, hakuna aliyesema kwa nini. Kijana mmoja anaitwa Elysée alipokwenda kuposa, walimwomba Papa Fabien awe kwenye ujumbe wa wazee, na huyo Elysée alikuwa hamjui hata jina la ukoo. Kazi yake ilikuwa kuweka simu mezani. Aliiweka kifudifudi, epo juu, hakufungua mdomo mpaka wali ulipoisha. Wakwe walipoiona vizuri wakaongeza mbuzi wawili kwenye mahari.

Pale parking mambo yalikwenda vingine. Wale waliozoea kumwachia chochote wakaanza kuitazama mfukoni, kisha wanapandisha kioo. Mama mmoja alimwambia kwa upole kabisa kwamba hata yeye hana simu mpya kiasi hicho. Papa Fabien alitusimulia jikoni akicheka, akasema ni wivu. Na daftari jekundu akaliweka juu ya kabati. Nilipomuuliza, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hatembei pekupeku.

Jumapili moja, katikati ya maombi, watu wamefumba macho, kitochi kikalia ndani ya soksi. Kitochi hakina adabu, kinalia kama kengele ya shule. Yeye akabana miguu, kikaendelea. Kijana mmoja wa kwaya akainama nyuma yake akamnong'oneza, lakini tulisikia benchi tatu: "Papa Fabien, mguu wako unaitwa."

Jumatatu yake akaniletea kile kitochi. Mkewe alikuwa ameshakataa, alimwambia hawezi kuficha simu ya mtu kama pombe. Mimi nipo nyumbani na mtoto.

"Mama Goodluck, minakuomba," akasema. "Ba Clairwood bakiita, sema weye ni secrétaire yangu. Sema patron iko en réunion. Halafu unanitumia message kwa iPhone."

Nilikipokea. Nilikuwa namenya viazi, nikakiweka kando ya sufuria na kuendelea kumenya. Ndiyo nikawa sekretari wa mtu anayelinda magari ya watu.

Alhamisi, saa tano asubuhi, kikalia. Sauti ya mwanamke, Kiingereza cha haraka. Kiingereza changu ni cha dukani, lakini nilimfuata: aje leo kabla ya saa nane, aje na makaratasi yake, na athibitishe mwenyewe kwa simu kwa sababu kuna mtu wa pili anasubiri. Sikusema habari za réunion, huo mkutano wake. Nilisema namleta.

Nikatuma ujumbe kwenye iPhone. Tiki moja. Mgahawa ulikuwa umebadilisha neno la siri la wifi, nilikuja kujua baadaye. Nikampigia Valérie, akasikiliza, mikono yake iko kwenye kichwa cha mteja, akasema neno moja tu, "Enda." Nikachukua bahasha ya makaratasi ya Papa Fabien kabatini, nikamfunga Goodluck mgongoni, nikapanda taxi. Niliposhuka kwenye robot, zile taa za barabarani za pale juu, mtoto amelala na mgongo wangu umelowa.

Nilimkuta ameegemea gari jeusi la mtu. Wahudumu wawili wa mgahawa, wasichana, walikuwa wamesimama naye, na mlinzi mwenzake Vénérand, tunayesali naye, ameshika iPhone anampiga picha. Papa Fabien amekunja mikono na kutazama mbali, kama mwenye gari anayesubiri dereva. Aliponiona akatabasamu. Kisha akaona nilichoshika mkononi, na tabasamu likaondoka.

Nilimsogelea, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba Clairwood wamepiga na wanamtaka leo hii. Hakuuliza saa ngapi. Aliuliza kwa nini nimekibeba mkononi, sikuwa na mfuko?

Hapo hapo kikalia. Kikalia na kuwaka taa, na Goodluck akaamka akalia naye. Wasichana wakageuka.

"Papa Fabien," Vénérand akasema, "mguu wako umekuja na taxi."

Wakacheka. Papa Fabien alikitazama kitochi kama kitu kilichodondoka kwenye gari la taka, akawaambia wale wasichana, "Iko ya huyu mama."

Nimeona wanaume wakikana deni, na nimeona mmoja akikana mtoto. Kukana simu ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nikabonyeza kupokea, nikamnyooshea.

"Ni ofisi," nikasema. "Wanakutaka wewe."

Alikichukua kwa vidole viwili, kama nepi iliyojaa. Akaenda kuchuchumaa kati ya magari mawili, mgongo kwetu, mkono umefunika mdomo, akaanza kunong'ona. Mwanamke wa ofisini tulimsikia kuliko yeye. Alisema hamsikii, aongeze sauti. Papa Fabien akageuka kuwatazama wasichana, mkono ukashuka mdomoni, akanong'ona tena. Yule mama akauliza kama anaongea na Fabien mwenyewe au hapana. Mtu aliyekuwa akipaza sauti bandarini mpaka ng'ambo ya meli akasema yes, na lile yes hata mimi niliyekuwa hatua tatu nililiona kwenye midomo, sikulisikia. Simu ikakatwa. Kwenye kitochi muda wa maongezi haukuwemo wa kumpigia, na wangu niliumalizia kwa Valérie.

Alisimama akajifuta magoti. Akawaambia wasichana ni namba iliyokosewa.

Nilimpa bahasha. Nikamwambia saa sita ndiyo kwanza imeingia, apande taxi sasa hivi atafika. Alisema anakwenda, anakwenda. Lakini hakuweza kuondoka mbio mbele yao, baada ya kitochi, kama mtu aliyeitwa. Akarudi kuegemea lile gari jeusi, Vénérand akamaliza picha, wakaichagua iliyo nzuri. Nilisimama nikimbembeleza mtoto, nikaona hilo lote. Wasichana walipoingia ndani kuandaa meza za mchana, na Vénérand akafuata gari lililoingia, ndipo akavua kizibao na kuondoka, polepole mpaka kwenye kona. Baada ya kona sijui, labda alikimbia.

Valérie ndiye aliyenieleza mwisho wake. Pale getini Clairwood mlinzi alimpa kitabu kikubwa aandike jina, namba ya kitambulisho na saa ya kufika. Akaandika vizuri, kwa mwandiko wake ule, saa nane na dakika ishirini. Mlinzi akapiga simu ndani, kisha akamwambia nafasi imeshajazwa, yule mtu wa pili ameshapewa ovaroli. Hakupita geti.

Jumapili alikaa mstari wa mbele. Ile picha ya gari jeusi ilifika Uvira, na mama yake akatuma sauti akimshukuru Mungu, akaomba wadogo zake wakumbukwe sasa, kwa kuwa njia imefunguka.

Kitochi amekichukua Valérie. Amekifunga kamba shingoni, namba yake ameiandika kwenye kadibodi mlangoni pa saluni, na kinalia kutwa nzima kwa kelele yake ileile. Anasuka amesimama. Mimba imeingia mwezi wa nane.

Juzi Papa Fabien alikuja jikoni akamwomba hicho kitochi ampigie yule mzee wa Corolla, labda iko kitu kingine. Valérie akakivua shingoni, akampa. Papa Fabien akaanza kuelekea kwenye pazia.

"Hapana," Valérie akasema. "Piga hapa. Na useme kwa nguvu."

Basi alisimama katikati yetu, kati ya jiko na ndoo ya maji, kitochi sikioni na iPhone kifuani. Kiliita. Goodluck akaacha kula akamtazama. Kiliita mpaka kikanyamaza, akapiga tena, kikaita.