Nilifuta Sauti ya Baba Ili Nisionekane Mjinga

Kosa ni langu. Naanza hivyo kwa sababu najua mtatafuta wa kumlaumu: kirusi, wenye stationari, wanakwaya na flashi zao. Acheni! Ni mimi, mwanamke mzima, mkazi wa Soweto hapa Mbeya, karani wa ofisi mwaka wa kumi na nane huu, ninayejiita mtaalamu wa kompyuta. Mtaalamu! Nikilikumbuka hilo neno natamani kujizaba kofi.

Baba yetu alikuwa mkulima huko Kilolo, mkoani Iringa. Alipougua koo alikuja kukaa kwangu ili awe karibu na hospitali. Wiki zake za mwisho, sauti ikiwa bado ipo kidogo, aliniomba nimrekodi kwa simu. Alikuwa na maneno kwa kila mtoto wake, mmoja mmoja. Yangu niliyasikia nimekaa pale pale kando ya kitanda. Ilipofika zamu ya mdogo wangu Tumaini, aliniambia niiache simu mezani nitoke nje.

"Haya ni yake," alisema. "Asikilize yeye kwanza, ninyi baadaye."

Baba na Tumaini walikuwa na miaka sita hawasemezani. Tumaini alimfuata mwanaume Makongolosi, kwenye machimbo ya dhahabu, na baba alikuwa amemkataza mbele za watu. Tangu siku hiyo akija nyumbani, baba anachukua jembe anaondoka. Alipozidiwa nilimpigia Tumaini simu aje haraka, akafika baba ameshafumba macho. Kwa hiyo kati yao wawili kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu, ile rekodi. Kama alimsamehe au alimlaani, ilikuwa humo.

Sasa kwetu maneno ya marehemu hayatawanywi ovyo. Yanangoja siku ya kumaliza msiba, ndugu wakiwa wamekaa, ndipo yanatolewa. Tumaini aliomba asikilize siku ile ile ya mazishi, baba mdogo akamwambia avumilie, siku yake inakuja. Akavumilia.

Mimi nikahamishia rekodi zote kwenye kompyuta yetu ya nyumbani, kwenye folda niliyoiandika BABA, kisha nikazifuta kwenye simu. Simu yangu inashikwa na watoto, na niliogopa zikiponyoka zikaingia kwenye grupu la ukoo zitasikilizwa hadi na wasiotuhusu. Mume wangu, ambaye ni dereva wa malori, alinishauri niweke nakala kwenye flashi tuifungie kabatini. Nilimwambia ashughulike na magurudumu yake, kompyuta aniachie mimi. Nilimjibu hivyo hivyo, mbele ya wanangu.

Zikabaki siku tano kabla ya kumaliza msiba. Nani aandae wasifu na ratiba? Mimi. Nani akusanye nyimbo za kupigwa kwenye spika? Mimi, si ndiye mtaalamu! Flashi moja ilitoka kwangu ikaenda stationari ya Mwanjelwa kuchapa ratiba, ikapita kwa kiongozi wa kwaya kuwekewa nyimbo, ikaenda kwa kijana wa spika kujaribiwa, ikarudi kwangu. Hapa kwetu flashi ya msiba haina mwenyewe. Inachomekwa kila mahali, na hakuna anayeuliza imetoka wapi.

Nilipoichomeka tu, antivairasi ikapiga kelele. Dirisha jekundu, onyo juu ya onyo, na nusu ya vitu vya kwenye flashi ikavizuia. Mtu wa kompyuta wa ofisini kwetu ndiye aliyeniwekea hiyo antivairasi, na aliniasa nisiizime hata siku moja. Lakini mimi niliona inanikwamisha, inakula nyimbo za msiba wa baba yangu. Nikaizima. Nilibofya mwenyewe, kwa kidole changu hiki, na ilipouliza kama nina uhakika nikabofya ndiyo. Sikio la kufa halisikii dawa.

Nyimbo zikaingia vizuri. Nilifurahi, nikaimba nazo jikoni.

Kesho yake nafungua kompyuta, kila folda ina kialama cha mshale. Nabofya, haifunguki. Nikaenda kwenye folda ya BABA, na yenyewe ina mshale. Nikaangalia ukubwa wake, ni kitu kidogo kuliko barua ya likizo. Nikajua basi, kirusi kimekula kila kitu.

Mume wangu aliniona nilivyobadilika, akauliza kuna nini, nikamwambia mashine inasumbua kidogo. Akasema nimpelekee mwalimu wa kompyuta anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mwalimu mwenyewe ni kijana mpole, hana makuu. Nilikataa! Mimi nimeanza kushika kompyuta yeye bado anavaa kaptula, niende kumwambia nini? Kwamba nilizima antivairasi nikaingiza flashi ya mtaani kwenye mashine yenye sauti ya marehemu?

Hapa ndipo penye ungamo lenyewe. Hayo ya juu ni uzembe, na mzembe anaweza kusamehewa. Nilichofanya baada ya hapo nilikifanya kwa makusudi. Nilitoa diski ya kuwekea mfumo wa kompyuta upya, nikaifomati kompyuta yote, nikaisafisha ikawa kama imetoka dukani. Nilitaka nikiulizwa niseme mashine iliharibika, na mtu yeyote akiifungua asikute hata alama ya ujinga wangu. Halafu nikarudishia nyimbo, nikaandika ratiba upya, nikaonekana mchapakazi.

Tumaini akaja kutoka Makongolosi, akalala kwangu ili kesho tusafiri pamoja kwenda Kilolo. Alikuwa amenunua gauni jipya. Aliniuliza kama sauti ya baba inasikika vizuri, na mimi, mkubwa wake, nikamwambia atasikia akifika nyumbani. Njiani basi liliposimama Chimala alininunulia mahindi ya kuchoma, akaniambia tangu msiba hajalala vizuri, lakini sasa ana amani kwa sababu anakwenda kujua moja. Nikayatafuna yale mahindi, nikayamaliza.

Siku yenyewe baba mdogo alisimama baada ya sala akasema sasa tulete sauti ya kaka. Nikainuka nikasema mashine iliharibika wiki hiyo hiyo, nimejaribu kila njia. Watu wakaguna, shangazi mmoja akanipa pole. Pole! Tumaini aliinuka. Alitoka nje, nikamfuata hadi nyuma ya jiko.

Nikamwambia asihuzunike, kwamba mimi niliisikia rekodi yake kabla haijapotea, na baba alimsamehe. Ndiyo, nilidanganya! Nilidhani namtibu.

Akaniuliza taratibu, "Alianza na kamwene?"

Sikuelewa mara moja. Akanieleza kwamba miaka yote sita alipokuwa anamsalimia baba, baba hakuwahi kumwitikia kamwene hata mara moja. Kwa Mhehe, mtu asiyekuitikia salamu amekukata. Kama alianza na kamwene, basi amemrudisha.

Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja tu. Lakini alikuwa ananitazama mdomo, na mdomo wangu ulikataa.

"Hukusikiliza, dada," alisema. "Usiniongopee. Sema hujui."

Nikasema sijui. Akarudi ndani kusaidia kupakua chakula.

Ingeishia hapo ningesema nimeadhibiwa vya kutosha. Haikuishia hapo. Tuliporudi Mbeya mume wangu aliibeba ile kompyuta bila kuniuliza akampelekea yule mwalimu. Jioni mwalimu akaja mwenyewe nyumbani, akakaa, akaniuliza folda zilionekanaje kabla sijaifomati. Nikamweleza kuhusu mishale. Akainamisha kichwa. Akasema kirusi cha aina ile anakiona kila wiki kwenye flashi za wanafunzi, hakili kitu. Kinaficha folda za kweli na kuweka za bandia mahali pake. Vitu vyote vilikuwemo. Ni kazi ya dakika chache kuvifichua.

Kirusi kilikuwa kimeificha sauti ya baba. Aliyeifuta ni mimi!

Alihangaika na programu zake siku mbili, akaambulia vipande visivyofunguka. Juu ya sauti hiyo nilikuwa nimeshaandika nyimbo na ratiba.

Nina hasira, jamani. Hasira na kile kiburi cha ofisini kilichonifanya nione aibu kugonga mlango wa jirani. Hasira na hao wanaonipa pole, maana mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Na Tumaini hili la mwisho halijui. Nilimwambia kirusi ndicho kilichofuta na kompyuta iko kwa fundi, na yeye anakilaani kirusi. Kila Jumapili ananipigia simu kuuliza kama fundi amepata chochote, nami namwambia bado anajaribu.

Wewe unayesoma, kama una sauti ya mzazi, picha, au kitu chochote kisichorudi, weka nakala sehemu mbili, tena leo. Antivairasi ikipiga kelele, isikilize, hata kama una haraka ya msiba. Flashi iliyozunguka mtaani ichunguze kabla ya kufungua chochote. Na mashine ikishavurugika usiiguse! Izime, mpelekee anayejua, hata kama ni mdogo kwako, hata kama jana ulimcheka. Aibu ingenipita kwa siku moja.

Jumapili hii nitampigia Tumaini mimi, kabla hajanipigia. Nitamwambia kirusi hakikufuta kitu. Akinisalimia tena baada ya hapo, nitashangaa.