Friza ya magimbi ilivyotaka kunirudisha Morogoro

Wakuu, salaam kutoka Mabela, Muscat, ambako AC ina heshima kuliko mume.

Hii ni ya kwangu mwenyewe, sijasimuliwa wala sijaiokota WhatsApp. Chumvi iliyomo ni ya kwenye chungu tu. Kaeni mkao wa kula, maana ni stori ya chakula.

Nafanya kazi supermarket moja ya vyakula vya kugandishwa, zile za bei nafuu zenye matawi mengi. Jina silitaji, nina mkataba wa kulinda.

Mimi ndiye ninayepanga friza. Kuku, samaki, mboga, na kule mwisho karibu na mlango wa stoo kulikuwa na friza moja yenye mihogo, ndizi za kupika, kisamvu, nazi iliyokunwa na magimbi. Vyote vigumu kama mawe.

Mjue mimi ni Mluguru wa Morogoro. Magimbi kwetu ni chai ya asubuhi. Friza ile niliipenda kama ndugu, nilikuwa naifuta vioo hata siku ambazo hakuna aliyesogea kuitazama. Na kusema kweli, siku hizo zilikuwa nyingi.

Wiki chache kabla ya Ramadhani tukaletewa meneja mpya. Kijana wa watu, Mwarabu lakini si wa Oman, msafi, tablet haibanduki mkononi. Alikuja na mabadiliko yake: taa mpya, rafu mpya, pizza nyingi. Akapita friza kwa friza akiangalia kipi kinatoka na kipi kinalala. Alipofika kwenye ile yangu akatikisa kichwa.

Kesho yake ikabandikwa stika za njano kila kona. Clearance, nusu bei. Mzigo ukiisha, friza inaondoka, inakuja ya pizza.

Sasa hapa ndipo nilipokatika maini.

Mkataba wangu ulikuwa unaisha Ramadhani ikiisha. Meneja akaniita, akaniambia kwa upole, ule upole wa nesi mwenye sindano nyuma ya mgongo, kwamba friza zikipungua na watu wanapungua. Wa kupunguzwa ni mimi. Nina binti kidato cha pili anayesoma kwa mgongo wangu. Nilienda stoo nikalia katikati ya maboksi ya kuku, na machozi nayo yakawa ya baridi.

Nilipomaliza kulia nikapata hasira. Mimi nikikasirika huwa nafanya kazi.

Nikaanza kusoma lebo. Gimbi limeandikwa "taro" kwa Kiingereza na "qulqas" kwa Kiarabu. Nikajiuliza, nani mtaa huu analiita hivyo? Mabela imejaa Waomani wenye asili ya Zanzibar, nawasikia kila siku wakitaniana kwa Kiswahili kwenye foleni ya kulipia. Nikachana boksi, nikachukua maka peni, nikaandika kwa herufi kubwa: MAGIMBI YA CHAI. Nikabandika.

Siku mbili nzima watu wanapita tu kama sijaandika kitu.

Siku ya tatu akaja Bi Salma. Huyu ni mteja wetu wa siku nyingi, anakaa Al Khoudh, kazaliwa Unguja, toroli anasukuma mwenyewe na ole wako umsaidie. Nikamwamkia, akaitikia, akasimama mbele ya kibao changu akasoma taratibu. Akacheka mpaka akashika friza.

"Magimbi ndo mdudu gani, mwanangu? Sema majimbi! Na nani kakwambia ya chai? Haya ya futari haya!"

Akafungua mlango. Akaona muhogo, akaona ndizi, akaona nazi. Kicheko kikakatika.

"Miaka yote nnapita hapa, nnaona qulqas, nnasema hiyo mboga ya watu. Kumbe futari nzima imelala humu!"

Wenzangu wa bara mnisikilize. Kwa watu wa Pwani na Visiwani, futari ndiyo hiyo: muhogo, majimbi, ndizi, vimepikwa kwa nazi vikaiva vikalainika. Mezani kunaweza kuwa na sambusa za kulisha harusi, hiyo ikikosekana mtu atakwambia leo hajafuturu. Mimi Mkristo wa milimani ningejuaje? Nilikuwa nimeshika futari ya watu naiita kitafunwa.

Nikageuza kibao, nikaandika upya: MAJIMBI, MUHOGO, NDIZI. FUTARI. Bi Salma akanipokonya peni akaongeza kwa herufi za Kiarabu, maana vijana wao Kiswahili wanakizungumza lakini hawakisomi. Halafu akatoa simu akarekodi voice note kwenye grupu la ukoo:

"Nyie, njooni Mabela, majimbi yapo tena nusu bei! Atakayechelewa asije akanililia mie."

Jamani, ukoo ule ni mkubwa! Alasiri hiyohiyo wakamiminika, wa Sib, wa Al Khoudh, kina mama na mabuibui yao wanajaza matoroli huku wanagombana kwa mapenzi. Kufika jioni ya pili friza imebaki barafu tupu.

Nikaenda kwa meneja kifua mbele. Naye akafurahi kweli. Akasema, "Hongera. Imeisha. Kesho mafundi wanaiondoa."

Kumbe nimejichimbia kaburi kwa bidii zangu mwenyewe!

Nikamwambia watu watarudi, Ramadhani hiyo inaingia, wanataka futari. Akanishangaa. "Futoor? Futoor tunayo." Akanionyesha friza ya sambusa. Kwake nilichosema ni futoor tu, neno lao la chakula chochote cha kufungulia saumu. Nikataka kumweleza, lakini Kiarabu changu ni cha lete na ondoa, kikanigomea palepale.

Asubuhi mafundi wakaja. Waya umeshachomolewa, friza imeshavutwa nusu, ndipo Bi Salma akaingia na wenzake watatu, wanataka mzigo wa mwezi mzima.

"Wanaipeleka wapi futari yangu?"

Nikamweleza haraka haraka. Alimgeukia meneja kwa Kiarabu kilichosimamisha hata mashine za kulipia. Nusu sikuelewa, ila jambo moja alilirudia mpaka duka zima likaelewa: "Futoor shay, futari shay thani!" Yaani futoor ni kitu kimoja, futari ni kingine kabisa. Akamalizia kwamba nusu bei hawana haja nayo, walete kwa bei yake kamili, watanunua.

Wale wenzake wakaitikia, "Ee wallahi!"

Meneja akatazama tablet. Akawatazama wale bibi wanne. Akawaambia mafundi wachomeke waya.

Wakuu, Ramadhani ile friza ikawa mbili! Pizza ndiyo ikahamia kule mlango wa stoo. Kibao changu cha boksi kikaondolewa, kikaja cha kuchapwa, FUTARI kwa herufi za kwetu na za Kiarabu, na tawi la Sib nalo likapewa. Bi Salma alimletea meneja bakuli la futari, na tangu siku hiyo kijana huyo hunifuata mwenyewe kuuliza, "Majimbi, lini yanakuja?" Na mkataba wangu? Miaka miwili mingine. Nilisaini huku natabasamu kama bibi harusi.

Nilichojifunza: kabla hujasema kitu hakiuziki, waulize wenyewe wanakiitaje. Mimi niliambiwa kwa bahati tu, baada ya kukosea.

Haya, uwanja wenu. Nani mwingine hapa ameokolewa na neno moja? Waluguru mtakaokuja kunisuta kwamba nimeasi kwa kusema majimbi, mmechelewa. Binti yangu alishanikosoa kwenye simu: "Mama, ni magimbi."

Nikamwambia, mwanangu, magimbi ndiyo yaliyokukuza. Ila yanayokusomesha ni majimbi.