Paa Refu la Banda la Farasi, Bawshar

Niliondoka Dubai mwaka 1968 kwa sababu ya uongo wa mama yangu. Alimwandikia mama yake, Bibi Zuhura wa Bawshar, nje ya Maskati, kwamba mimi mwanawe ni mhandisi. Kazi yangu ilikuwa kunakili ramani za watu wengine. Bibi akaniita mbio: banda la farasi alilojenga marehemu babu yangu, fundi makuti, aliporudi kutoka Unguja, lilitaka kubomolewa. Mwenye banda, mzee tuliyemwita ami Saidi kwa heshima, alikubali kumsikiliza mhandisi kwanza.

Siku mbili melini nilitapika kwa heshima zote za kihandisi.

Nilishuka asubuhi bandarini Matrah, nikapakiwa garini hadi Bawshar. Ami Saidi alinipokea kwa halwa na kahawa. Nikalizunguka banda, nikapima kuta, nikagonga nguzo, nikaguna. Makuti ya mtende yalishonwa kama ya mnazi, safu juu ya safu, kwenye paa refu lenye mteremko mkali.

"Mteremko huu ni wa masika ya Unguja," nikatangaza. "Huku mvua iko wapi? Paa halina faida."

"Ahsante, mwanangu," akasema ami Saidi. "Kesho nnalibomoa. Nnataka pahala pa gari."

Bibi alisikia. Hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi.

Adhuhuri alinishika mkono, akaniingiza bandani. Nje mchanga ulikuwa ukiunguza. Ndani jasho likanikauka. Farasi alikuwa anasinzia.

"Babu yako hakulijengea mvua," akasema. "Joto hupanda, likatokea kwenye upenyo wa kule juu. Weye umepima kila kitu, ila hukuingia." Akajifuta macho kwa mtandio. "Kazi yake nyengine yote imebaki Unguja."

Nikamkimbilia ami Saidi. "Ami, nisamehe. Miye si mhandisi, nnanakili tu. Hebu njoo uingie bandani."

Akaingia. Akavua kilemba, akakaa juu ya marobota ya majani. Kisha akaagiza kahawa iletwe humo humo.

"Gari litakaa juani," akasema mwishowe. "Na weye usipime tena kitu changu."

Siku ya kurudi, bibi alinisindikiza hadi garini. "Msalimie mamako. Mwambie mhandisi wa ukoo huu nilishamzika."

Nilitapika tena mpaka Dubai. Nimejifunza kuingia ndani kabla ya kufungua mdomo. Na babu, ambaye siku zote nilimhesabu fundi makuti tu, sasa nikimtaja humwita mhandisi kwa fahari.