Kokubanza Alivyomfundisha Mama Yake

Miaka miwili baada ya vita kwisha, mvua za vuli zilipoanza, watoto wa darasa la kwanza pale Kamuli walifundishwa kuandika majina yao. Haya, nyie mnaosoma leo mtasema hilo ni jambo dogo. Kwenu ni dogo. Shule yenyewe ilikuwa banda la nyasi lisilo na ukuta wa mbele, ubao mmoja uliopasuka, na mwalimu mmoja, Egbert, kijana wa Kilutheri kutoka Muleba aliyefundisha siku za kazi na kuongoza sala Jumapili. Msimu ule watoto walihesabu kwa buni, wakapanda maharage nyuma ya banda, wakaimba ba be bi bo bu mpaka majirani wakachoka. Lakini kilichowatia wazimu ni majina. Mtoto akishalijua lake, basi tena, ataliandika njiani kwa kijiti, kwenye mgomba kwa ukucha, kwenye mgongo wa mwenzake kwa mkaa.

Kokubanza, binti wa Joviana, aliliandika lake kwenye majivu ya jikoni.

Huyo Joviana alikuwa mwanamke wa migomba na kahawa, mwenye mikono migumu na mdomo usiojua kunyamaza. Mumewe, Apolinary, alifanya kazi kwenye machimbo ya bati upande wa Kyerwa, akawa anaonekana nyumbani kwa nadra. Baada ya Kokubanza, Joviana alizaa wengine wawili, wote wakaondoka wachanga. Wakazikwa shambani, kwenye migomba, bila alama yoyote. Unajua mgomba unavyohama, unazaa huku unakufa kule. Ikafika mahali Joviana akawa hajui tena wanawe wamelala wapi. Anapalilia, na moyo unamuuma, maana huenda anawakanyaga. Jambo hilo lilimtesa kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Basi kila jioni alikaa mahali pake pa siku zote, upande wa ndani wa meko, akimenya ndizi. Hapo ni pa mama mwenye nyumba. Yeye hahami, na mtoto hapakalii. Kokubanza alichuchumaa upande wa pili, mlangoni kwenye mwanga, akasawazisha majivu kwa kiganja na kuandika kwa kidole. Mwanzoni Joviana alijifanya haoni. Yeye na kusoma wapi na wapi? Lakini mtoto yule alikuwa king'ang'anizi. Alimkemea mama yake vilevile kama Mwalimu Egbert alivyowakemea wao darasani, akamwambia aache kutazama ndizi atazame herufi. Joviana akacheka, akatazama. Jioni moja, kwa ncha ya kisu cha kumenyea, akaliandika jina lote mwenyewe, asikosee. Kokubanza akaruka akapiga makofi. Joviana naye, mtu mzima na akili zake, akajisikia raha mpaka akaunguza chakula. Mtoto akamwahidi kwamba wakishafundishwa herufi zilizobaki, watahamia jina la mama.

Hawakuhamia. Homa ilimshika Kokubanza mvua zikiwa zimekolea, na alikuwa mtoto mwembamba. Wakamfunika mablanketi, wakampa dawa za majani, wakapeleka mtu misheni kutafuta msaada. Mtu huyo aliporudi alikuta watu wamekaa uani, kimya.

Sitaeleza kilio cha Joviana. Aliyewahi kuzika mtoto anakijua, na asiyewahi Mungu amwepushe. Ila katikati ya kilio alimshika shati Apolinary, aliyekuwa amefika kutoka machimboni, akamwambia neno moja: huyu hatapotea kwenye migomba kama wenzake. Huyu awekewe msalaba wenye jina. Apolinary akachonga msalaba. Mwalimu Egbert akaandika jina kwa rangi nyeusi, tena la nyumbani peke yake, bila la ubatizo, kwa kuwa ubao ulikuwa mfupi, na wanaume wakausimika wakati Joviana bado amelala kwenye nyasi za msiba zilizotandikwa ndani.

Msiba ulipoanuliwa na Apolinary kurudi machimboni, Joviana alikwenda kaburini. Alisimama mbele ya msalaba, akatazama, akatazama tena. Halikuwa jina la mwanawe. Herufi mbili tatu alizitambua, lakini zimekaa ovyo, na zilizobaki hakuwahi kuziona maishani. Wamemwandikia jina la mtoto wa watu! Alishuka shuleni hata kitambaa cha kichwa hakukifunga vizuri, akamkuta Mwalimu Egbert anafundisha, akamwamuru amfuate.

Njia nzima alimsema. Alimwambia kwamba hata kama yeye ni mjinga wa porini, jina la mwanawe analijua. Walipofika kaburini mwalimu alipitisha kidole chini ya herufi akamsomea polepole, Ko-ku-ba-nza.

"Usinifanye mtoto," Joviana akasema. "Jina la mwanangu linaanzia mkono huu." Akajipiga mkono wa kulia. "Alinifundisha mwenyewe."

"Basi liandike, Mama Kokubanza. Nilione."

Joviana akachuchumaa, akaandika kwa kidole kwenye udongo mbichi wa kaburi, bila kusita hata kidogo. Mwalimu alikuwa amesimama upande wa pili, anamtazama. Na kutoka pale aliposimama alilisoma jina lote, herufi kwa herufi, safi, halina kasoro. Pale alipochuchumaa Joviana ndipo lilikuwa limegeuka, kichwa chini miguu juu.

Akamuuliza taratibu, mtoto alikuwa akikaa wapi alipomfundisha. Joviana akamweleza meko, majivu, yeye ndani, mtoto mlangoni. Mwalimu akapangusa uso. Akamwomba azunguke aje asimame alipo yeye. Joviana akazunguka. Akatazama chini, akatazama msalaba, akatazama chini tena, kisha akakaa palepale kwenye tope.

"Kwa hiyo hakunifundisha uongo," alisema.

"Hapana, mama. Alikufundisha vizuri kabisa. Ni pale ulipokuwa umekaa."

Kisha, kwa kuwa alikuwa kijana na alitaka kumsaidia, akamwambia si kazi kubwa. Aje shuleni jioni watoto wakishatoka, akae upande unaotakiwa, waanze upya tangu mwanzo. Atalishika jina hilo upesi.

Joviana akamtazama.

"Nianze upya na nani, mwalimu?"

Joviana akamwambia, bila ukali sasa, aende, watoto wa watu wanamsubiri. Akangoja mpaka amepotelea nyuma ya mibuni.

Sasa, msicheke. Mama huyu mtu mzima, mjane wa watoto watatu kama lugha ingeruhusu kusema hivyo, alisimama akaupa msalaba mgongo. Akakusanya gauni lake katikati ya magoti, akainama kama mtu anayepalilia, akaendelea kuinama mpaka kichwa kikafika chini kabisa, akatazama nyuma kupitia katikati ya miguu yake. Mgongo ulimuuma. Damu ikamjaa kichwani. Na pale kwenye msalaba, likianzia mkono wa kulia, kama alivyoandikiwa kila jioni, jina lilikuwapo. Akalisoma kwa sauti, mara moja, halafu tena, na machozi yakamteremka kupitia kwenye paji la uso, yakaingia kwenye nywele.