Nyimbo Nane za Stoo

Kakao iliyovundikwa chini ya majani ya mgomba hutoa harufu ya uchachu inayopanda hadi machoni, na masika yale harufu hiyo iliijaza stoo yetu kule Ikolo, ikachanganyika na vumbi la mpunga. Nilikuwa na miaka tisa. Mama, aliyeimba kwaya ya usharika tangu usichana wake, alikuwa na rovu, uvimbe wa shingoni, lililoanza kumkaba. Nikiwa nyuma ya mlango nilimsikia akimwambia baba, “Daktari anasema wakinipasua, sauti inaweza isirudi.” Baba akauliza, “Na wasipokupasua?” Tangu siku hiyo niliogopa hata kumtazama akimeza wali.

Kabla ya kwenda hospitali aliamua kurekodi nyimbo zake mwenyewe, zile ambazo kwaya haikuwahi kuziimba. Alipanga magunia ya mpunga kuzunguka kuta ili sauti isitawanyike, akachukua gitaa lililobakiwa na nyuzi tano, akanipa simu ya baba niishike karibu na kinywa chake. Kwa siku nne, kila mchana mvua ilipopumzika, tulijifungia humo. Nilibana pumzi. Mkono uliniuma, lakini kilichonitesa zaidi ni jinsi nyimbo zilivyokuwa zinakwisha. Kila alipomaliza moja niliona kama anafunga mizigo. Katika wimbo wa sita alikwama katikati, akashika shingo, akahema kwa mlio kama wa mlango mbovu. Nikaangua kilio. Yeye akameza mate, akaendelea mpaka mwisho.

“Tufute, mama, turudie,” nilimwambia. “Nimekuharibia.”

“Acha ibaki, mwanangu. Kwani wewe si wa humu ndani?”

Wiki ya upasuaji sikulala vizuri wala kula. Baba aliporudi naye, mama aliniita kwa mnong’ono ambao sikuutambua, nami nikarudi nyuma hatua moja. Aibu ya hatua ile ninayo mpaka leo. Miezi ikapita, mnong’ono ukawa sauti nzito yenye mkwaruzo, ya kuongelea tu. Baba alizipeleka zile nyimbo nane Ipinda kwa fundi wa kuingiza nyimbo kwenye simu, na siku moja tukiwa sokoni tukazisikia. Mwanamke muuza ndizi alikuwa ameziweka kwenye simu yake, kilio changu kikiwemo. Alipoambiwa mwimbaji ndiye huyu, alimshika mama mikono yote miwili: “Ndaga fijo, dada. Asante sana. Mimi nauguza mtu nyumbani; kilio hicho nakijua.”

Siku hizi, simu zetu zimejaa sauti na video ambazo hatuzirudii kamwe. Mwezi uliopita nilimwekea binti yangu nyimbo zile nane, bibi yake akiwa ameketi pembeni. Alisikiliza, akamtazama bibi, akatikisa kichwa.

“Huyu si bibi.”

Nilitaka kumkanya. Mama akanizuia.

“Mwache,” alisema kwa ule mkwaruzo. “Hata mimi huwa namwonea wivu yule.”