Majani Yangu na Mahali Yalipotoka

Hakuna aliyenifundisha kukausha mimea. Shule niliishia darasa la nne. Mengine nilijifunza mwenyewe, kwa kuharibu. Nililaza kila mmea katikati ya magazeti, nikaweka jiwe la kusagia juu, na ulipokauka nikaushona kwenye karatasi ngumu. Wanawake wenzangu pale Ulemo walinicheka: eti nachuma mboga zisizopikika. Niliwaacha wacheke.

Chini ya kila karatasi niliandika mmea ulikotoka, kama tunavyoelekezana sisi sote: nyuma ya tembe la shangazi, kando ya zizi la mjomba, njia ya kisimani kwa mama mkwe. Nani asingepajua?

Kisha ikaja operesheni ya vijiji. Tuliamriwa kuhamia kijiji kipya kando ya barabara, na waliosuasua walibomolewa nyumba. Nilibeba karatasi zangu kabla ya vyungu. Mume wangu alininunia wiki nzima.

Baada ya miaka miwili akaja mtaalamu kutoka Dar es Salaam, kijana mpole, anakusanya mimea iwekwe kwenye hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa. Nilitaka ya kwangu iingie humo. Sijawahi kutaka kitu kwa nguvu vile. Alifunua karatasi, akasifu, hadi akafika kwenye ua dogo la zambarau, lile la nyuma ya tembe la shangazi.

"Mama, hili sijaliona kokote. Nipeleke lilikoota."

Tulitembea nusu siku. Matembe yetu ya udongo yalikuwa yameyeyuka kwa mvua, na trekta lilikuwa limepita juu ya mazizi na vichaka. Kote ni pamba ya kijiji. Nilizunguka kama mgeni, nimejaa hasira.

"Ni hapa hapa, mwanangu. Au pale."

"Na atakayekuja kulitafuta, mama, atampata wapi shangazi yako?"

Hakunivunjia heshima. Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililoniuma.

Tuliporudi alijaza fomu, moja kwa kila mmea. Wilaya aliiandika. Penye nafasi ya mahali penyewe aliandika, kwenye fomu zote, "hapajulikani". Vinginevyo, alisema, zisingepokelewa. Akanipa kalamu nitie saini kuthibitisha.

Mahali pale nilizaa watoto wanne, na mmoja nilimzika huko. Nikatia saini.