Miaka Tisa Aliyojipunguzia

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji nilichofanyia kazi ya kusahihisha vitabu. Aliokota herufi za madini ya risasi moja moja, akazipanga kinyumenyume bila kutazama vidole. Tulimwita Mzee Risasi. Siku hizi mtu anabonyeza vitufe, makosa yanajaa gazetini kama utitiri, na hakuna anayeona haya.

Kompyuta zilipoletwa, waliozidi miaka hamsini waliambiwa wakae nyumbani. Yeye alikuwa na hamsini na mitatu. Akajipangia cheti kipya cha kuzaliwa, akakichapa mwenyewe, miaka tisa pungufu. Kilikuwa safi kuliko cha serikali. Kwa karatasi ile alifanya kazi mpaka akastaafu na kupata pensheni.

Mwaka jana mishipa ya moyo wake iliziba, ikabidi apasuliwe kifua awekewe njia mpya za damu. Daktari alituketisha sote watatu akatueleza kwamba baada ya upasuaji huo mapigo ya moyo huweza kuvurugika, hasa kwa wazee na kwa wale ambao moyo uliwahi kwenda ovyo zamani. Hospitali ile iliwapa dawa ya kinga mapema wenye miaka sabini na zaidi, na wale wenye historia hiyo ya moyo.

Kisha muuguzi akaja na fomu.

"Babu, sitini na mitatu na uso huu?"

"Risasi inakula ngozi, mwanangu."

"Na moyo, umewahi kuusikia unakimbia ovyo?"

"Unikimbie uende wapi?"

Muuguzi akacheka, akaandika hapana. Mimi nilishamwona mara nyingi kiwandani, amekaa juu ya marobota ya karatasi, mkono kifuani, akingoja moyo utulie. Nilitaka kusema. Dada akanikanyaga mguu.

Kwenye korido nikamshika mkono. "Shemeji, waambie umri wako."

"Wakijua, pensheni inafutwa. Dada yako atakula nini? Vitabu vyako?"

Nikamwachia mkono.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya tatu moyo ukaanza kudunda bila mpangilio, bonge la damu likapanda kichwani. Tulimkuta mdomo umepinda, upande wote wa kulia umekufa.

"Kwa umri wake sikulitegemea hili," daktari alisema.

"Ana sabini na miwili," dada akajibu, akitazama sakafu. "Na moyo ulikuwa unamsumbua tangu zamani."

Daktari akafungua faili. "Dawa ile haiwakingi wote, mama. Lakini ningempa."

Akasahihisha faili lake, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Hakuwaambia watu wa pensheni.

Pensheni inaingia kila mwezi. Dada huipokea, akamnunulia mumewe nepi na uji wa unga laini. Mimi nikienda kumgeuza kitandani, dada hutoka nje bila kunitazama usoni, mpaka nimalize.